Bwawa la Baba Kupangiwa Daraja

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa mabwawa kapiga simu. Alhamisi anakuja kulipangia bwawa letu daraja la usalama. Nikamwambia tuta ni imara, marehemu baba alilijenga mwenyewe kwa udongo wa hapahapa. Akasema kwanza anaangalia nani atasombwa tuta likipasuka. Bondeni kama halali mtu, hatari ndogo, tunaachwa na maji yetu. Akilala hata mmoja, hatari kubwa, maji yapunguzwe nusu. Nusu! Maji ambayo baba alitufundishia kuogelea, akinishika tumbo kwa kiganja kimoja! Sikubali. Kwani bondeni yupo nani? Dada yangu tu, kwenye nyumba ya wazazi. Mtu mmoja! Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza dada: Alhamisi nyumba yake itakuwa ghala. Akauliza yeye atakuwa gunia la nini. Hajabadilika huyu. Akaanzisha ya zamani: tuta likijengwa, sisi watoto tukikanyaga udongo pekupeku huku tunaimba, mimi nikitoroka kila saa. Uongo. Nilikuwa na kiu. Tukacheka mpaka chai ikapoa. Kakubali, ila kitanda nibebe mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimebeba. Mgongo sina tena. Kitanda, masufuria, mapazia, dada mwenyewe: vyote viko kwangu, kule chini kwenye kona ya bonde. Mke wangu kanuna, lakini mapazia katundika. Nyumba ya wazazi nimeijaza magunia na kuku. Chumba cha mama bado kinanukia sabuni yake. Nikakaa sakafuni, nikalia kidogo. Jogoo akanitazama kwa dharau.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi kaja. Ghala limemridhisha, kuku wametoa ushahidi. Nikaanza kupumua. Ndipo akapanda juu ya tuta, akalifuata bonde kwa kidole, taratibu, mpaka konani. Akauliza ile nyumba yenye mapazia mazuri ni ya nani. Nikavimba kifua. Yangu! Akauliza wanalala wangapi. Mimi, mke wangu, na dada yangu tangu jana. Hatari kubwa! Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba maji yanapajua kwangu. Dada kasema mwanzo angesombwa peke yake, sasa nimempatia wenzake.

Jumapili, 9 Machi
Maji yamefika nusu. Pale tulipojifunzia kuogelea ni tope tupu. Nimeumia kweli. Dada kanishika mkono, akasema baba mwenyewe angeyapunguza. Mvua kubwa zikianza, baba alikuwa anahamia tutani na mwavuli. Mimi nilidhani kagombana na mama. Kumbe, kasema dada, alikuwa anakesha na tochi akitafuta nyufa, ili sisi tulale. Nilimkumbuka mno. Machozi yakanitoka, sikuyazuia.

Basi jibu ndilo hilo! Bwawa halihitaji daraja, linahitaji mlinzi. Kesho nampigia mkaguzi: maji yarudishwe, mlinzi kapatikana, mtoto wa mwenye bwawa. Mwavuli ninao. Usingizi wangu ni mzito kidogo, lakini mvua ikianza mke wangu ataniamsha.