Mgao wa Kompyuta ya Mbwanja

Wananchi wote wa wilaya ya Mbwanja, wa pwani na wa bara, waliorudi na wanaorudi, wanatangaziwa kwamba serikali yao imeamua kujenga kompyuta. Si kununua. Kununua hununua yeyote. Kujenga, kiungo kwa kiungo, yenye nguvu isiyopata kuonekana tangu Awasse mpaka kisiwa cha Macaloe. Wananchi wanaombwa kufurahi kwa utaratibu.

Tangazo hilo lilisomwa Ijumaa mlangoni mwa msikiti, likarudiwa Jumapili nje ya kanisa, asije akatokea wa kusema kafichwa. Aliyelitunga ni Abdulcarimo, administrador, yaani mkuu wa wilaya, mtu wa sauti nzito na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Alilisikiliza akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu, akaridhika. Yalikuwa maneno mazuri, hata yangekuwa ya mtu mwingine angeyasifu.

Sasa tusimsingizie mtu. Abdulcarimo hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na haja moja tu duniani: kuhamishiwa Pemba, makao makuu ya mkoa. Alima, mkewe, alikwisha kuwaaga majirani, na wengine aliwaaga tena. Pemba kuna ofisi za ghorofa, kuna kiyoyozi kinachotoa baridi kweli, na mtu anaweza kutoka nyumbani mpaka kazini asiulizwe, "Shefi, kiwanja changu kimefikia wapi?"

Maana Mbwanja swali ni hilo hilo, kuche kuchwe. Watu walikimbia vita wakaacha nyumba. Walipopata kurudi walikuta nyasi zimemeza mipaka, na jirani naye anakumbuka mpaka kwa namna inayompendeza. Wakataka karatasi za viwanja. Ramani ya viwanja ilikuwamo ndani ya kompyuta kuukuu ya Zubeida, mama wa arkivu, mtunza majalada, na kompyuta ile ilikuwa na heshima zake: unaiwasha, unakwenda kuswali adhuhuri, ukirudi ndiyo kwanza inakukaribisha. Zubeida alishasema tena na tena kwamba itachelewa lakini itafika, na kinachokwama si ramani, ni sahihi ya shefi.

Abdulcarimo aliliona jambo hilo kwa upana zaidi. Sahihi nzito haiwezi kukaa juu ya karatasi iliyotoka kwenye mashine dhaifu. Kwa hiyo alizuia karatasi zote hadi ipatikane mashine inayolingana na mkono wake. Na mashine hiyo ikizinduliwa na mgeni kutoka Pemba, mgeni hataondoka asilishike jina la aliyeijenga. Wananchi watapata mashine, yeye atapata ghorofa. Hapo maslahi ya taifa na ya mtu mmoja yalikutana vizuri sana.

Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Viungo vya Kompyuta yenye Nguvu ya Juu. Mwenyekiti ni shefi mwenyewe. Wajumbe ni Cosme, mkurugenzi wa kilimo, mtu wa bara aliyeshuka pwani na tumbo lake. Dona Palmira wa afya. Na Muhamudo wa elimu, ambaye hajapata kupinga jambo tangu aajiriwe. Zubeida alialikwa kuleta chai. Mtaalamu wa kamati alikuwa Tarique, mwenye duka la simu na chaja pale sokoni. Tarique aliwahi kugawa wali katika kantini ya kambi ya gesi ya Afungi, na kantini ile ilipakana ukuta na chumba cha kompyuta. Kamati ilichunguza ukaribu huo ikaona unatosha.

Tarique alitandika kanga mezani, akapanga viungo.

"Hili ni kasha," alisema. "Kioo ubavuni, taa za rangi ndani. Ikiwaka, ukumbi mzima unageuka harusi."

"Na hili refu?" Cosme aliuliza.

"Placa gráfica, shefi. Ya kuchora picha. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, wenyewe vijana huiota."

"Kilimo kina picha nyingi," alisema Cosme, akaivuta upande wake.

Dona Palmira akaushika mwisho wa pili. "Afya ina picha zaidi. Mifupa yote ile."

Muhamudo aliunga mkono pande zote mbili. Basi pakawa na ubishi, na ubishi wa wakubwa hauna sauti, ila hauna mwisho pia. Kila mmoja alitaka kiungo kinachofanana na kiti chake. Hakuna aliyeuliza kipi kinakubaliana na kipi. Tarique alijaribu kueleza kwamba viungo vya kompyuta huchaguliwa kama wachumba, hutazamwa kwanza kama wanapatana, akaambiwa asilete mambo ya nyumbani kwenye kikao.

Abdulcarimo aligonga meza kwa kalamu ya kuonekana.

"Ndugu zangu, sisi si watu wa jana," alisema. "Ng'ombe wa hitima akichinjwa, mmepata kuona watu wanagombana? Kichwa kina mwenyewe, kidari kina mwenyewe, shingo ina mwenyewe. Kila mtu hupata kwa cheo chake, akaondoka na chake. Mila imekwisha kutufanyia kazi, sisi tunahangaika na nini?"

Ubishi ukaisha kwa raha. Hata Cosme aliachia.

"Hata kwetu bara ni hivyo," alisema. "Wawindaji wakirudi, kidari cha mjomba hakiguswi. Ukikigusa, hata watoto wako watachekwa."

Ndivyo kompyuta ya Mbwanja ilivyogawiwa. Shefi alichukua kasha, kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo linaloonekana. Cosme alipata placa gráfica. Dona Palmira alipata mafeni yote. Muhamudo alipata fonte, kile kiungo cha kuingizia umeme, kwa sababu ni kizito na elimu ni mzigo. Ubao mkubwa wa kuunganishia, pamoja na kumbukumbu, ulipelekwa kwa mkuu wa polisi, ambaye hakuwapo kikaoni, na asiyekuwapo akisahauliwa huja mwenyewe. Kikabaki kitu kidogo, ukubwa wa biskuti.

"Hiki nini?" shefi aliuliza.

"Processador, shefi. Ndiyo ubongo wake."

Wajumbe walitazamana. Katika mgao wowote wanaoujua, hakuna mwanamume aliyewahi kugombea ubongo.

"Ubongo hauna nyama," alisema Cosme. "Mpeni huyo mama wa chai."

Zubeida alikifunga kitu hicho katika pembe ya leso yake, akakusanya vikombe. Tarique alitaka kukumbusha kwamba vyote hivi mwisho wake ni kuingia kasha moja. Lakini alikuwa amekwisha kuuza, na aliyekwisha kuuza hana neno.

Siku za kungoja mgeni zilikuwa nzuri. Placa gráfica ilikaa kabatini kwa Cosme, katikati ya glasi za harusi, na mkewe akawaita majirani waje waitazame. Fonte ya Muhamudo ilizuia mlango usipigwe na upepo, kazi ambayo iliifanya bila lawama. Mafeni ya dona Palmira yalining'inizwa juu ya kitanda cha mjukuu wake, yakingoja umeme.

Kisha habari ikafika kwamba mgeni yuko njiani. Ni dona Joaquina, mkaguzi mkuu kutoka Pemba, mwanamke mfupi, mpole, ambaye jina lake likitajwa wakuu wa wilaya huanza kusafisha vyoo. Abdulcarimo akawaita wajumbe, akaagiza viungo virudi haraka vifungwe ndani ya kasha.

Cosme alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Shefi, hicho ulinigawia wewe. Watu wameona. Nikikirudisha leo, kesho wataniambia nilikula kisichokuwa changu."

"Ni kwa siku moja tu, ndugu yangu."

"Nyama ya mgao hairudi chunguni," dona Palmira alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Wewe mwenyewe ulisema kila mtu aondoke na chake."

Muhamudo aliunga mkono. Mkuu wa polisi alijibu kwa simu kwamba ubao upo salama, na alitamka salama kwa namna ambayo haikualika swali la pili. Abdulcarimo hakuweza kuwalaumu. Kanuni ilikuwa yake, na ilikuwa kanuni nzuri. Aliiona Pemba inasogea mbali, ghorofa na kiyoyozi chake. Akamfuata Tarique.

Tarique alilitazama kasha lililokuwa tupu, akawaza, akaleta betri ya pikipiki. Aliificha chini, akaunga nyaya za taa. Kasha likawaka nyekundu, likawaka kijani, likawaka buluu, likarudia.

"Na kioo cha kutazamia?" Abdulcarimo aliuliza.

"Sema za kisasa hazihitaji. Zinafikiri ndani kwa ndani."

Ukumbi ulijaa. Ubani ulifukizwa, fatiha ikasomwa, na padri naye akapewa nafasi yake. Waliorudi walisimama dirishani wakitazama mashine ambayo karatasi zao ziliwekwa kuingojea. Dona Joaquina aliizunguka polepole. Aliinama, akaipiga kofi ubavuni, ikalia kama debe.

"Inafanya nini?" aliuliza.

"Kila kitu, mheshimiwa," alijibu Abdulcarimo.

"Inaweza kusoma maombi ya wananchi?"

"Kabla hawajaandika."

"Inagawa viwanja?"

"Kwa haki kabisa."

"Inasuluhisha ugomvi wa mipaka? Inaamua kipi kitangulie, kipi kingoje?"

"Mheshimiwa, hakuna jambo ninalolifanya mimi ambalo mashine hii haiwezi."

Alilisema kwa sauti yake yote nzito, na watu wa dirishani walilisikia. Ilikuwa sentensi bora ya siku ile. Dona Joaquina aliitikia kwa kichwa, akamwomba airudie, naye akairudia.

"Hongera," alisema yule mama. "Mkoani tuna agizo la kupunguza vyeo. Tumeambiwa kazi moja isifanywe na wawili. Nilikuwa naumiza kichwa nianzie wapi."

Mkono wa Abdulcarimo ulifika mpaka kwenye kifuniko cha kasha. Akilifungua, litaonekana tupu, naye ataulizwa vilipokwenda vilivyokuwa vya kuwamo. Akaliacha, basi. Ukumbi ukapiga makofi kwa utaratibu.

Kasha likawekwa katika kiti cha administrador. Dona Joaquina aliagiza kwamba karatasi ikipita mbele yake na ikaangaziwa na taa, ihesabiwe imeidhinishwa. Zubeida aliwasha kompyuta yake kuukuu, akaenda kuswali, akarudi, akaanza kutoa karatasi. Anainua moja mbele ya kasha, taa zinapita, anagonga mhuri, anaita anayefuata. Watu walitoka pale wakilia. Mzee mmoja aliketi kizingitini kwake na karatasi mkononi, haendi popote, anaitazama tu. Wengine walimsifu shefi mpya kwamba hana maneno mengi, hachelewi, wala hatumi mtu akuulize umekuja na nini. Wapo waliompa salamu wakipita, na hawakuona tofauti kubwa katika kujibiwa.

Abdulcarimo alivumilia hadi ikamshinda. Mtu kuondolewa na mwenzake ni kazi ya Mungu, lakini kuondolewa na betri ya pikipiki ni jambo lingine. Akapanda gari la mizigo mpaka Pemba, akapanda ngazi za ghorofa ile aliyoiota, akaketi mbele ya dona Joaquina na kiyoyozi kikamtia baridi mpaka mifupani.

"Mheshimiwa," alisema, "nimekuja kusema kweli. Lile kasha ni tupu. Halina kitu ndani."

"Najua," alisema dona Joaquina. "Nililipiga kofi."

"Ulijua, na bado ukaliweka kitini pangu?"

"Kwanza nilikusudia kukutisha tu, nikurudishe baada ya wiki. Kisha tukalinganisha." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesoma bei ya samaki. "Wakati wako na wakati wake. Vikao, sawa. Hotuba, limekuzidi kwa ufupi. Karatasi za viwanja, zako hazikutoka hata moja, zake zinakaribia kwisha. Gari halitumii. Sikuona pa kukutetea, Abdulcarimo, na nilipatafuta."

Abdulcarimo alitazama sakafu. Sakafu ya Pemba ilikuwa ya vigae vizuri. Aliona aibu, aibu ya kweli, na akamkumbuka Alima na majirani walioagwa.

"Basi nirudishieni hata nafasi ndogo," alisema. "Mkilitoa, nipo."

"Tunalitoa kweli. Kazi nzuri haikai wilayani. Limepandishwa cheo, linakuja hapa, chumba cha tatu kulia." Alimwonyesha kwa kidole, mlango ulikuwa umekwisha kupakwa rangi.

"Na kiti cha Mbwanja?"

"Tarique anatuletea kasha lingine, dogo kidogo. Mbwanja haihitaji kubwa," alisema dona Joaquina, akamsogezea kikombe cha chai. "Lakini usikate tamaa. Hili kubwa linalokuja huku lataka mtu wa kulishika njiani lisiumie, na wewe njia unaijua."