Kutekwa kwa L huko Bweranyange

Njooni, enyi mliosinzia darasani, nanyi mliowasinzisha wenzenu. Wekeni chini majembe na chaki, mnitegee masikio. Siwasimulii vita vya Kagera, maana vile vilipiganwa na watu waliokuwa na jambo la maana la kupigania. Nawasimulia vita vikubwa zaidi kwa kelele na vidogo zaidi kwa faida, vilivyopiganwa mwaka wa themanini na sita katika nchi ya Karagwe, baina ya msomi mmoja na herufi moja. Ewe Ufizi, ewe Kaakaa, nawe Ncha ya Ulimi usiyetulia, nishikeni mkono niifikishe habari hii mwisho, kwa kuwa shujaa wangu mlimtupa mkono karibu safari yote.

Shujaa huyo aliitwa Methodius Rwegoshora, mzaliwa wa Bweranyange, palepale walipokaa wafalme wa kale na ngoma zao. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu cha mbali huko pwani, akisomea Kiswahili ili aje kukifundisha. Majirani walimwita Purofesa, naye hakuwahi kuwakatalia. Msidhani alikipenda Kiswahili. Aliomba sheria akanyimwa, akaomba uchumi akanyimwa, Kiswahili kikamwokota. Na uvumilivu wake, ambao wahadhiri walikuja kuutolea mifano, ulikuwa na mzizi mmoja tu, nao ni woga wa jembe.

Adui yake alikuwa L. Katika Runyambo, lugha ya nyumbani kwao, herufi hiyo haikupewa hata kiwanja cha kujenga kibanda. Kazi zote aliachiwa R, na R alizifanya bila kulalamika. Huko mtu hali, mtu anakura, halali, anarara. Methodius alipita shule zote kwa amani, kwa sababu walimu wake nao walirara vivyo hivyo. Siku ya mtihani wa matamshi huko chuoni ndipo alipowekewa mbele yake sentensi iliyosema: *Leo lori la chumvi limelala Kimuli.* Alivuta pumzi, akatanua kifua, akanguruma mbele ya wenzake wote: "Reo rori ra chumvi rimerara Kimuri." Wenzake walicheka hata mmoja wao akatolewa nje.

Aliyeitunga sentensi hiyo, na kuliokota jina la Kimuli katika ramani ili kumpendezesha kijana wa huko, alikuwa Mhadhiri wa Matamshi, Simba wa Ufizi, Mlinzi wa Kaakaa la Taifa. Zamani, wasema, mtu huyu aliipenda kazi yake. Siku hizo alikuwa akisoma madokezo yaliyogeuka manjano kabla wanafunzi wake hawajabatizwa, akiyasoma amefumba macho, na juma ambalo hakutokea kabisa ndilo juma walilojifunza zaidi. Kitu kimoja tu kiliweza kumwamsha, nacho ni kosa la mwingine. Aliposikia ile *rori*, aliamka mzima, akasimama, akahutubu.

"Bwana Rwegoshora, nimezeeka nikiilinda lugha hii dhidi ya watu wa aina yako. Utakwenda kwenu kwa mazoezi ya kufundisha, nami nitakufuata huko huko, nikusikilize mbele ya darasa lako. Ukiitamka sentensi hii ikanyooka, utabaki chuoni. Ikikushinda, utadisko, na mimi nitakuwa nimefanya kazi yangu."

Kudisko, kwa wasiolijua neno hilo la wanafunzi, ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Ni neno la muziki, lakini hakuna aliyelicheza kwa furaha.

Basi Methodius akarudi Bweranyange kufundisha katika shule ya sekondari jirani na kwao, asimwambie mama yake habari za kudisko. Mama huyo, Kemirembe, alikuwa mjane. Ndani kwake palikuwa na kiti cha mvinje chenye egemeo, kiti cha marehemu mumewe, na tangu mazishi hakuna makalio yaliyokigusa. Alikifuta vumbi kila Jumamosi. Alikwisha kumwambia mwanawe kwamba siku wakubwa wa chuo watakapotamka kuwa yeye ni mwalimu, atakalia kiti cha baba yake, na nyumba itakuwa na mwanamume tena. Methodius alikuwa tayari kuukosa ualimu na dunia nzima, lakini kiti kile alikitaka hata akakiota.

Hivyo vita vikaanza. Kila asubuhi shujaa aliingia ndani ya shamba la migomba, akajipanga mbele ya adui asiyeonekana, akashambulia: rara, rara, rara. Migomba ilistahimili. Shuleni aliwaamuru wanafunzi waseme L pamoja naye, nao wakaitikia R kwa sauti moja yenye afya, wakajisikia wamefaulu. Mara nyingi alikata tamaa na kuapa kuacha, na kila mara jicho lake liliangukia jembe lililoegemezwa ukutani, likiwa linang'aa kwa kutumiwa na dada yake, naye akarudi vitani mbio.

Dada huyo, Placidia, ndiye aliyekuwa akilima wakati kaka akipigana. Siku moja alisimama nyuma ya mgomba akasikiliza mpaka akachoka.

"Kaka, unamraza nani huku shambani?"

Methodius alimgeukia kwa huruma ya msomi, akamweleza habari za ufizi, mkondo wa hewa na jinsi kingo mbili za ulimi zinavyoshuka ili hewa ipite pembeni, akamweleza na tofauti ya kitambaza, yaani L, na kimadende, yaani R. Placidia alimwacha amalize.

"Basi ukimariza kumraza," akasema, "kuna mkungu wa ndizi pare wa kubeba."

Hakuubeba. Mashujaa hawabebi mikungu.

Ushindi ulimjia Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwa mzee Sebahire, jirani aliyehamia kutoka Rwanda zamani na kuota mizizi. Mgeni wa heshima huko huletewa kikapu kidogo cha buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, atafune huku akizungumza. Methodius alitafuna, na ganda la buni likamganda nyuma ya meno ya juu, palepale penye ufizi. Akawa anahangaika kulibandua kwa ncha ya ulimi, kwa siri, asionekane mshamba. Wakati huohuo mzee akamsogezea kikapu, akimwuliza kama angependa nyingine. Mtu wa kawaida angejibu hapana. Lakini msomi wetu alikuwa amekwisha kulikataa neno hapana tangu mwaka wa kwanza, akiliona la watu wa sokoni, akafungua kinywa chake na kusema: "La."

Ilikuwa L, nyororo, isiyo na doa, ya kwanza kuzaliwa katika ukoo huo tangu wafalme. Mzee Sebahire, asiyejua kwamba historia imepita mbele ya goti lake, alirudisha kikapu. Methodius akamwomba akilete tena. Kikaletwa, akajibu: "La." Akaomba tena, akakataa tena, akitetemeka kwa furaha, hata mzee akamnong'oneza mkewe kwamba chuo kimemharibu kijana wa watu. Shujaa aliondoka na buni zimejaa mifuko, na tangu hapo hakufungua kinywa bila buni moja nyuma ya meno.

Siku ya siku ikawadia. Mhadhiri alishuka kutoka Landrova ya misheni akiwa mwekundu wa vumbi kutoka kope hadi viatu, baada ya treni, meli na barabara ya Bukoba kumpa kila moja adhabu yake. Safari hiyo ya nchi nzima ilikuwa kwa ajili ya herufi moja ya mtu mmoja, ilhali darasa lake zima la pwani lilikuwa halijamwona kwa muda mrefu. Aliketi nyuma ya wanafunzi, akafumba macho, akapunga mkono.

Methodius alisukuma buni mahali pake. Akawaza kiti, akawaza jembe, akasoma: "Leo lori la chumvi limelala Kimuli."

Kila L ilitoka nzima nzima. Mhadhiri alifumbua macho. Akainuka polepole, mkono kifuani.

"Enyi vijana," akawaambia wanafunzi wasiojua kilichotokea, "mmeshuhudia ulimi wa binadamu ukikombolewa. Huyu ni mwalimu. Mimi ndiye niliyemfanya." Hayo ya mwisho aliyasema kwa uhakika kuliko yote.

Mchana huo alikaribishwa nyumbani kwa Kemirembe, akale ndizi na maharage. Placidia alikwisha kwenda mbele na habari, na mama alikuwa amekitoa kile kiti nje, kwenye jua, amekifuta, amekitandikia kitambaa cheupe. Majirani wamekaa kwenye mikeka. Mgeni alipewa stuli. Kiti kilimngoja mwenyewe.

"Karibu, mwarimu," mama akamwambia mgeni. "Kura, usione haya."

Methodius hakuketi kwanza. Alisimama kando ya kiti, mkono juu ya egemeo, kwani ushindi wa namna hiyo hauna budi kutangazwa. Buni alikwisha kuimeza njiani, na hakuihitaji tena. Ulimi ulikuwa umejifunza njia na sasa ulikuwa haujui nyingine.

"Mheshimiwa Mhadhili," akaanza, "kalibu Bwelanyange, kalibu Kalagwe. Huyu ni mama yangu, mjane wa malehemu mzee Lwegoshola."

Mama akamtazama. Kwanza alidhani amesikia vibaya, akamwomba alirudie jina hilo. Akalirudia, polepole, kwa fahari, likiwa safi kama alivyofundishwa: Lwegoshola.

"Mimi niriorewa na Rwegoshora," mama akasema. "Huyo uriyemtaja simjui."

Akakunja kile kitambaa cheupe, akakibeba kiti, akakirudisha ndani. Alitoka akaendelea kupakua.

Mhadhiri, mdomo umejaa ndizi, alitoa hukumu yake pale pale, kwamba R haikuwa ikitahiniwa, na kwamba alama hazipungui. Majirani waliposikia neno alama walipiga makofi.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu na muda wa kupoteza, kwamba katika mwaka huo, mchana kweupe, L ilitekwa Bweranyange, na Karagwe ikapata msomi anayeweza kulaza lori popote atakapo. Mwandikieni na mshindi mahali alipokaa siku ya ushindi wake: juu ya mkeka, ukingoni, karibu na kuku.

"Kura, mwanangu," mama akamwambia bila kumtazama. "Chakura kinapoa."

"Ninakula, mama," akajibu, na L yake haikuwa na kasoro.