Mizimu Imezidi Kunusa

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Balaa! Mjukuu wangu Sinegugu, sauti kuu ya kwaya yangu, amekohoa katikati ya sauti ya juu. Baadaye nimemkuta nyuma ya kanisa na ile sigara ya umeme yenye harufu ya embe. Na mashindano na kwaya ya Mthiyane ni wiki ijayo! Nikamweleza taratibu, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu miaka yote: mvuke si hewa safi, embe lile si tunda, nikotini ni ileile. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na ugoro wako, Babu, una nini ndani? Vitamini?"

Tumeahidiana mbele ya mke wangu, MaKhoza. Tunaacha wote wawili. Akikamatwa yeye, atafua majoho ya kwaya mwaka mzima. Nikikamatwa mimi, ataimba kwa Mthiyane.

Rahisi. Mimi ni mtu wa nidhamu.

Jumatano, 6 Agosti

Sina nidhamu. Asubuhi nimemgombeza kuku. Lakini akili ninayo. Kikopo cha ugoro wa mizimu kiko umsamo, pale nyuma kabisa ndani ya nyumba ya msonge, kimejaa tangu Krismasi. Ule si ugoro wangu. Na nani atamkataza mzee wa nyumba kuongea na wazee wake? Nikapiga magoti, nikamsalimu marehemu baba, nikavuta kidogo kwa niaba yake. Chafya nikaizika kwenye kofia.

Sinegugu amemkabidhi MaKhoza sigara yake. Anatafuna miwa, anakimbia hadi dukani na kurudi, ana hasira kama nyuki. Wenzake wanamwita Mama Mchungaji. Namhurumia. Kuacha si mchezo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeongea na mizimu kabla ya chai, baada ya chai na kabla ya chakula cha mchana. Baba hakupata kunisikia hivi alipokuwa hai. MaKhoza ameuliza kwa nini natoka mle na macho mekundu. Nikasema ni mambo mazito ya ukoo.

Kosa! Alimpigia simu dada yangu Bajabulile papo hapo.

Jumapili, 10 Agosti

Dada amefika kutoka Nongoma. Na mbuzi wa tambiko! Anasema mizimu haimwiti mtu kutwa nzima bure. Nikamweleza taratibu kwamba hakuna jambo. Akasema anayekana ndiye mwenye jambo.

Ukoo mzima ukaketi ndani ya msonge. Nikaombwa niwamwagie wazee ugoro sakafuni. Nikafungua kikopo. Nikakigonga. Hata vumbi halikutoka.

"Jamani!" akasema Sinegugu. "Mizimu ya mwaka huu ina pua!"

Nikaanza kueleza habari za unyevu. MaKhoza akanivua kofia, akaikung'uta mlangoni. Mbuzi aliyefungwa pale akapiga chafya.

Dada alicheka hadi akashikilia nguzo. Mbuzi amesamehewa. Mimi bado.

Jumamosi, 16 Agosti

Mashindano. Mthiyane amekuja na tai mpya na tabasamu kuukuu. Sinegugu akasimama upande wake, akaipanda ile sauti ya juu, akaishikilia, akaishikilia, hadi jaji akaweka kalamu chini. Hakuna hata kikohozi kimoja! Mthiyane wa kwanza. Sisi hatukutajwa. Nimelia mbele za watu, nikamwambia Mthiyane kwamba ni vumbi tu limeniingia machoni.

Sinegugu akanikumbatia. "Ukiacha kweli, Babu, narudi kwako. Lakini kweli, siyo kweli yako."

Jumapili, 17 Agosti

Nimeacha. Kabisa! Kikopo cha umsamo kimefungiwa kabatini na ufunguo anao MaKhoza. Najiona kijana.

Jioni nimekumbuka jambo la mila ambalo vijana hawafundishwi siku hizi. Mizimu haikai umsamo tu. Hukaa zizini pia, na ng'ombe. Na MaKhoza, kwa kuwa ameolewa kwetu, haingii zizini. Kwa hiyo nimetangaza kwamba kuanzia kesho nitakamua mwenyewe. Amefurahi sana, anasema kazi itanisahaulisha ugoro.

Nimekwenda kukagua mahali pazuri pa kuongea na wazee. Yule mbuzi amenifuata hadi lango la zizi, ananusa mfuko wa koti langu. Nimemfukuza.

Amepiga chafya.