Malalamiko ya Mtunza Kibao kwa Katibu Anayelala Naye Kitanda Kimoja

Kwa Katibu,
Kamati ya Kuanzisha Chama cha Wafanyakazi,
Kiwanda cha Kushona Sare.

Ndugu Katibu, ambaye pia ni mama watoto wangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua ningeweza kukugeukia tu kitandani nikakueleza. Lakini jana nilipoanza kukueleza ulivuta shuka ukasema malalamiko ya kazini yaletwe kwa maandishi. Haya, nimeyaleta. Nakuandikia hapa jikoni, wewe ukiwa bado kwenye kikao chako.

Kesho wafanyakazi watapiga kura kuamua tuwe na chama au tusiwe nacho. Meneja ameniomba mimi, mwenye dhamana ya kibao, niwaeleze wenzangu mambo ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuyajua kabla ya kupiga kura. Siku hizi wenzangu wakiniona nafungua mdomo wanakumbuka kazi zao, kwa hiyo nayapitisha kwako uwasomee.

1. Mfanyakazi ajue kwamba kiwanda ni familia. Meneja mwenyewe alitutangazia hivyo, tena sauti ikamkatika katikati. Na katika familia hakuna mtoto anayewekeana mkataba na baba yake. Ni kweli kwamba mshona zipu alipofiwa na kaka yake alinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika, lakini kila ukoo una watu wake wagumu. Baba yangu mdogo unamjua.

2. Ajue kwamba chama kina ada, na ada hukatwa kwenye mshahara. Jambo hili linamuuma Meneja kuliko linavyotuuma sisi. Miaka yote hii hakuwahi kuonyesha kama anajua mishahara yetu ni midogo, na sasa analisema kila asubuhi, kwa uchungu, mbele za watu. Tukishapata chama huenda akanyamaza. Huruma kama hiyo tutaipata wapi tena?

3. Ajue kwamba kura ni ya siri. Hili limenisikitisha. Yule afisa wa kazi aliyekuja kutuelimisha alisema hakuna ruhusa ya kumuuliza mtu amepigaje, wala kumtisha, wala kumfukuza kwa ajili ya kura yake. Sasa Meneja atajuaje nani wa kumshukuru? Mimi na wewe hatujawahi kufichana kitu tangu tuoane, ukiacha ile bei ya viatu vyangu. Kesho tutaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja kama watu tusiojuana.

4. Kibao. Hapa naomba usome polepole. Wote mnajua, lakini barua rasmi haiachi kitu: kiwandani kwetu kuna kibao kimoja cha mbao, chenye kamba, kimeandikwa RUHUSA. Anayetaka kwenda chooni huja mezani kwangu, hukivaa shingoni, huenda, hukirudisha. Bila kibao hakuna kwenda, na ukumbi mzima unategemea hicho kimoja. Jioni narudi nacho nyumbani kisiibiwe, kinalala kwenye msumari hapa juu ya jiko. Sasa kamati yako imeweka kufutwa kwa kibao kuwa dai la kwanza. Mmefikiria mimi nitakuwa nani? Nilikuwa mshona mifuko kama watu wengine. Kibao kimenipa meza, kiti chenye mgongo na jina. Hata muuza mkaa ananiita Bwana Kibao. Kikifutwa narudi kwenye cherehani nyuma ya mpiga pasi, yule anayeimba. Naogopa, mke wangu. Hilo silifichi.

5. Chama hakibaki kiwandani, kinakufuata hadi nyumbani. Juzi binti yetu wa mwisho aliuliza nani aliamua kwamba paja la kuku ni la baba. Nikamjibu kwamba ndiyo utaratibu. Akaomba utaratibu upigiwe kura. Mama mkwe, ambaye ni mgeni tu, alinyoosha mikono yote miwili. Nikala shingo. Wewe ukanipoza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nakukumbusha kwamba nyumba hii haina chawa, na kidole kilichokuwa kimoja siku hiyo kilikuwa mimi.

6. Chama kinalegeza mioyo ya watumishi. Zamani foleni mezani kwangu ilikuwa foleni tu. Jumanne alikuja mshona kola, yule mwenye mimba kubwa. Kibao kilikuwa kwa mpiga pasi, naye akiingia chooni hatoki mpaka amalize nyimbo zote anazozijua. Yule dada akasimama, ameshika ukingo wa meza. Wenzake wakasimamisha cherehani, mmoja mmoja, mpaka ukumbi ukawa kimya na sote tukawa tunamsikiliza mpiga pasi akianza ubeti mpya. Kabla hujaniletea habari zako za haki ningemwambia asubiri, na usiku ningelala fofofo. Safari hii niliona aibu hadi masikio yakaniwaka. Nikampa kifuniko cha boksi la nyuzi, nikamwambia nenda dada yangu, hiki nacho ni kibao. Nimevunja kanuni niliyoapa kuilinda. Lawama zote naiachia kamati yako.

Kwa sababu hizo, naomba uwashauri wafanyakazi wasiache mbachao kwa msala upitao. Kibao tumekizoea. Hicho chama hatujui kitatuvalisha nini.

Nisalimie wanakamati wote, mshona zipu na machozi yake, mshona kola na huyo aliye njiani, na mpiga pasi, umwambie apunguze beti. Mama mkwe nitamsalimia mwenyewe, yuko chumbani anajifanya amelala.

Wako mtiifu baada ya saa za kazi, na mtiifu kwa Meneja kabla ya hapo,

Mtunza Kibao

Nyongeza: Ukirudi utakuta chai kwenye chupa. Kuni zilikuwa zimekwisha na nilijua utarudi umechoka, sauti imekukauka kwa kusema. Nikatazama huku na huku, nikatazama msumarini. Ni mbao ngumu ile, nimeipasua kwa shida, lakini imewaka vizuri na maji yamechemka upesi. Kamba nimekuwekea, utafungia mfuko wa sukari. Kesho tupitie stoo kabla ya kazi, cherehani yangu ya zamani itahitaji mafuta. Ama kuhusu kura yangu, hiyo ni siri, na sheria inakukataza kuniuliza.