Nyumba Nane za Akida Thomasi

Kwa furaha isiyo na kipimo, Boma la Arusha lilitangaza mwaka 1909 kuwa wakati umefika wa kila mtu kupata mali bila kufanya kazi. Mimi karani nililisoma tangazo hilo mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza watu walicheka.

Mpango ulikuwa wa Akida Thomasi, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atusimamie. Kila mwanahisa atoe ng'ombe mmoja. Kwa mali hiyo zijengwe nyumba nane kule Engutoto, wapangishwe askari, na pango ligawanywe.

"Na sisi tutafanya nini?" aliuliza mzee Kasaine.

"Mtakaa."

"Tukishakaa?"

"Mtaendelea kukaa. Mwanahisa akiinuka, anaingilia utawala."

Naipanoi, mjane, alitoa ng'ombe wake pekee wa maziwa. "Mjukuu wangu anamtegemea huyu," alisema. "Nitarudishiwa lini?"

"Masika moja tu, mama."

Wanaume wakakaa. Mafundi walitaka ujira wa kukandika kuta, hivyo Akida, kwa kubana matumizi, akawaomba kina mama wakandike bure kwa udongo na samadi. Kila Mwarusha anajua kuwa nyumba ni ya mwanamke aliyeikandika. Akida hakujua, na hakuna aliyetaka kuingilia utawala.

Masika yakapita. Siku ya mgawo nilisoma hesabu: ada ya kutafuta kiwanja, ada ya usimamizi, ada ya kusimamia usimamizi. Katika nyumba ya kwanza alikaa Akida mwenyewe, ili awe karibu na mali za watu. Faida ya wanahisa wote ilikuwa mkungu mmoja wa ndizi, tena ulioanza kuliwa.

"Basi nipe ng'ombe wangu," alisema Naipanoi. "Mtoto anakunywa uji wa maji matupu."

"Mama, yule sasa ni mtaji. Mtaji haukamuliwi."

"Mbona wewe unamkamua kila asubuhi?"

"Hiyo ni ada."

Kina mama wakatazamana. Wakaenda Engutoto, kila mmoja akaingia nyumba aliyoikandika, akawasha moto. Askari waliopanga humo walipoonja chakula hawakuuliza maswali. Pango wakawapa kina mama.

Akida akakimbilia kwa Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma, na umati nyuma yake. "Nyumba zangu nane zimevamiwa!"

"Zako?" Bwana Mkubwa akafungua daftari la kodi ya serikali. "Kila nyumba rupia tatu. Mbona humu hujalipia hata moja?"

Akida akalitazama daftari. "Kwa kweli si zangu, Bwana Mkubwa."

"Za nani?"

"Za... hawa kina mama."

"Karani, andika. Kodi watalipa wao."

Nikaandika. Akida akatia dole gumba.

Naipanoi akasogea. "Ile ya kwanza niliikandika mimi, Bwana Akida. Umekaa kwangu masika yote hujalipa pango. Nataka ng'ombe mmoja. Unamjua."

"Mpangaji alipe," alisema Bwana Mkubwa, akafunga daftari.

Jioni hiyo mjukuu alikunywa maziwa mpaka akalala na povu mdomoni. Akida bado amepanga palepale. Kila alfajiri hukata majani ya ng'ombe, na kuyabeba kichwani hadi kwa mwenye nyumba. Nilipomuuliza niyaandike wapi katika hesabu, Naipanoi alinijibu kwa niaba yake:

"Andika ada."