Ugoro wa Kuku

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Leo tena hakuja mtu. Nimepura mbaazi peke yangu tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye masikio, na hakuna hata mmoja wa kuniambia pole. Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la kisomo cha watu wazima, alisema sisi wazee tuandike kila siku ili mkono usisahau. Basi naandika. Mkono wangu hausahau. Watu ndio wanasahau.

Jirani yangu Mbula amepita njia ya chini. Nimemwona vizuri, macho yangu hayana shida. Miaka yote njia ya Mbula ilikuwa hapa mlangoni pangu. Anatua mtungi, anaomba maji ya kunywa na huku ametoka mtoni kuchota, ananipa habari zote, anaenda. Sasa njia yake ni ya chini, kwa Mumbua. Mumbua! Mwanamke ambaye uji wake una madonge.

Nimekaa nikafikiri. Kwa Mumbua kuna nini ambacho hapa hakuna? Kiti? Ninacho, tena cha kuegemea. Chai? Yangu ina maziwa. Ni ugoro! Kule wote wanavuta. Mmoja anafungua kikopo, mwingine ananyoosha mkono, wa tatu anaomba kidogo tu, na kabla hujajua jua limeenda. Mtu mwenye ugoro hakai peke yake. Hata awe Mumbua.

Mimi pua yangu haijui ugoro tangu nizaliwe. Tena kanisani ni mimi nasimama mlangoni, nanusa vidole vya akina mama kabla hawajaingia. Anayenuka namwambia palepale, watu wote wasikie, arudi akanawe. Mbula mwenyewe nimemrudisha mara nyingi, kwa upendo. Sijui watu wananikwepea nini.

Lakini nimepata akili. Nitanunua ugoro. Si wa kuvuta! Wa kuweka tu. Wakijua upo, watakuja.

Jumatano, 5 Agosti

Sikwenda soko letu la Kathonzweni. Huko kila kidole kinanijua. Nilipanda pikapu ya mbuzi hadi Mukuyuni. Mbuzi mmoja alikula ncha ya leso yangu njiani. Nikavumilia.

Mwuza ugoro anaitwa Nzomo, mzee mwenye kofia ya sufu na kidole gumba cheusi. Nikamwambia anipimie. Akachota kidogo na kijiti, akasema nionje kwanza. Nikamfungulia kiganja chote, kama mtu anapewa tembe dispensari. Akarudisha kijiti kwenye debe. Akaniambia, Mwaitu, mama yangu, wewe huvuti. Anayevuta huleta vidole viwili, haleti kiganja.

Nikamwambia kazi yake ni kupima, si kuangalia mikono ya akina mama. Akasema yeye huwauzia walioshikwa, maana hao akiwanyima watakwenda kwa mwingine. Lakini pua ambayo haijaanza, yeye hatakuwa wa kuianzisha. Mtu amefika umri huu bila ugoro, aanze leo ili apate nini? Akasema yeye mwenyewe angepata asubuhi moja tu ya kuamka bila kupapasa kikopo, angechinja mbuzi.

Aka! Mzee mzima anauza kitu na palepale anakihubiria! Nikamgombeza mpaka wauza nyanya wakasimama kusikiliza. Hakutikisika. Ikabidi nifikiri upesi. Nikasema ni wa kuku, wameingiwa na utitiri. Akacheka, akasema mbona sikusema mapema. Akanipa wa chini ya debe, mwingi, karibu bure.

Nimemshinda.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekumbuka jambo, na limenikalia vibaya. Mwenye kikopo huvuta kwanza. Ndiyo desturi. Usipovuta wewe, mgeni hagusi, atasema umetia dawa. Ugoro wa kuweka tu ni kama chungu kisicho na moto.

Basi nikajifunza. Nikafunga mlango, nikaomba msamaha mapema, nikavuta kidogo.

Nilidhani paa limeanguka! Chafya juu ya chafya. Jogoo akakimbia mpaka kwenye boma la ng'ombe. Machozi, kamasi, halafu ardhi ikaanza kugeuka na mimi nimekimbilia nje, nimeshika ghala nisianguke nayo. Muthokoi wote niliokula mchana, mahindi na maharagwe yake, ukarudi nje. Na hiki ndicho watu wanachoachia chai yangu ya maziwa!

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na vumbi. Mwanangu Mutie, yule wa Mombasa, aliacha hapa vikopo viwili vya rangi ya viatu alipokuja kumzika baba yake. Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Nimeviosha. Nimekaanga mahindi mpaka yakawa makaa, nikasaga, nikachekecha. Ukitazama ni ugoro mtupu! Kikopo cheusi ni cha wageni, kina ugoro wa kweli. Cha kahawia ni changu, kina mahindi. Nitavuta mahindi yangu bila dhambi, wao watavuta kilicho chao, na tutakaa.

Baba yake Mutie alizoea kuniambia nina akili nyingi kuliko kazi. Alikuwa anasifu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Mumbua. Nimevaa leso mpya.

Nilipoingia tu, vikopo vikapotea chini ya nguo kama vifaranga wameona mwewe. Mumbua akauliza kama leo tunanuswa vidole hata nyumbani. Nikakaa. Nikatoa kikopo changu cha kahawia mbele ya macho yao, nikavuta vidole viwili kama mtu wa miaka mingi. Chafya? Hakuna. Chozi? Hakuna! Mtu mmoja alisema ai. Nikaona Mbula ameinua kichwa kuniangalia. Nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu mvua za mwaka jana.

Kisha nikafungua kile cheusi, nikawaambia karibuni.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mumbua akasema yeye hali chakula ambacho mwenyewe hakili, yeye anataka kile cha kahawia. Nikamwambia hicho kimeisha. Akasema ameona hakijaisha. Akakichukua mapajani mwangu, hivihivi, kama ni chake! Akavuta. Akangoja. Akavuta tena. Wote wanangoja naye. Akasema, jamani, haya ni mahindi yaliyoungua.

Wacha wacheke. Walicheka mpaka mmoja akaomba ashikwe mgongo. Mumbua hakutosheka. Akachukua kile cheusi, akakipitisha chini ya pua, akasema huu nao ni wa Nzomo, ule wa kuku. Akauliza Mama Mutie ana uchungu gani nao, kwanza awape uji wa pua, halafu awanyunyizie kama mitetea.

Mbula hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

Sikuweza kutoka hivyo. Nina heshima yangu. Nikachota kwenye kile cheusi, kidole na gumba, nikavuta pande zote mbili mbele yao. Chafya nikaimeza. Nikaaga vizuri. Nilipofika kwenye katani za mpakani nikashika moja nisianguke, nikatapika, nikashika nyingine. Katani ina miiba.

Jumapili, 9 Agosti

Siku mbaya. Mbaya!

Asubuhi nilivuta kidogo sana, ili tu kujua kama jana nilishindwa na ugoro au nilishindwa na Mumbua. Ikawa afadhali. Nikafunga kikopo cheusi kwenye fundo la leso, sijui kwa nini, na nikaenda kusimama mlangoni kwangu kama kawaida. Nilinusa vidole vya wote. Wote walinuka! Hata watoto. Nikarudisha akina mama wengi sana, hata mke wa mchungaji, kabla sijajua kwamba harufu ni yangu.

Wakati wa maombi, kimya kabisa, ikanijia chafya. Nikaikataa. Ikaja na wenzake. Fundo likafunguka. Kikopo kikabiringika kwenye simiti, polepole, kama kina mtu kinakwenda kumwona, mpaka kikagonga kiatu cha mzee wa kanisa Ndolo.

Ndolo alikiokota, akakifungua, akakifunga. Baada ya ibada akaniita kando. Nikamwambia ni dawa ya kuku. Akauliza kama kuku nao wamekuja ibadani leo. Nikamwambia asinichezee, nilimfunga nepi huyu. Akasema anajua, na ndiyo maana ameniita kando wala hakunitangaza. Kikopo akanirudishia, lakini mlango wameniondoa.

Sasa hata mlango sina.

Jumanne, 11 Agosti

Hakuna mtu. Jana hakuna, leo hakuna. Moshi wa jiko la Mbula naona, unapanda vizuri.

Nimepika muthokoi katika chungu kikubwa. Kile kidogo kipo, lakini sikipendi, kinanitazama kama mjane mwenzangu. Nimekula. Umebaki mwingi. Nimewapa kuku. Nimemwambia yule mtetea wa madoa habari za Ndolo, yote mwanzo hadi mwisho, akasikiliza mpaka muthokoi ukaisha.

Kichwa kinauma tangu jana. Ni upepo huu wa Agosti. Nimevuta kidogo, kikaacha. Baadaye upepo ukarudi, nikavuta tena. Ulipotulia, nikavuta ili usirudi.

Alhamisi, 13 Agosti

Mbula amekuja!

Nilimsikia akiniita, Mama Mutie, hodi. Niliangusha ungo. Nikaweka chai jikoni, nikamfutia kiti. Hakuingia. Amesimama mlangoni ameziba pua na leso. Nikamwambia aingie, hapa hakuna mzoga. Akasema hawezi.

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Dispensari wamemwambia ana presha, aachane na ugoro, na damu ile inayomtoka puani si ya kucheza nayo. Anajaribu tangu mbaazi zianze kukauka. Hawezi. Akikaa nyumbani peke yake mkono unautafuta. Akitoka, kila nyumba ni kikopo na mtu wa kumwambia chukua kidogo tu. Kwa Mumbua ameapa kuacha na akavuta akiwa bado anaapa. Akafikiri, ni nyumba moja tu isiyo na ugoro mahali hapa pote. Ya Mama Mutie. Alitaka kuomba akae nami kila mchana, hata kama ninamgombeza, mpaka hamu imchoke. Aliona aibu kwa sababu ya vidole. Ndiyo maana alipita njia ya chini. Jumamosi nilipoingia kwa Mumbua alisema moyoni, leo nitaondoka naye, nitamwambia njiani.

Kisha nikavuta.

Sasa anasikia harufu tangu kwenye ua. Amesimama hapo na mate yanamjaa. Jumatatu anakwenda Kanyangi, ng'ambo ya mto kwa binti yake, ambako hakuna anayevuta. Hajui kama atarudi. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani ni ugoro.

Nilimgombeza sana. Nikamwambia mtu ana mdomo, angesema! Nikamwambia presha ni ya watu wa ofisi. Akangoja nimalize. Akaniuliza swali moja tu. Sisi tulianza wasichana, akasema, hatukujua. Wewe ulikuwa huna kitu cha kuacha. Ulikuwa unatafuta nini humu?

Nikamwambia utitiri.

Sikumwambia nilikuwa namtafuta yeye. Chai ilikuwa tayari imemwagika jikoni.

Ijumaa, 14 Agosti

Alfajiri nimemwaga ugoro wote kwenye viota vya kuku. Nimepaka nyumba samadi mpya, nimeanika blanketi, nimefungua dirisha ambalo baba Mutie alilipigilia misumari. Nyumba inanuka ng'ombe tu, harufu ya heshima.

Nikaenda kwa Mbula kumwambia aje anuse. Nilifika kwenye ua wake. Alikuwa anafunga mizigo, anakohoa, na mgongo wake umekuwa mdogo, sijui tangu lini. Nilikuwa na maneno. Niliyapanga njia nzima. Nikasimama. Halafu nikaona mimi siwezi kusimama kwa mtu kama ninaomba chumvi. Nikarudi.

Mchana upepo ukaanza kichwani. Nikaenda kwenye viota na unyoya, nikakusanya kilichokuwa kimebaki kati ya mayai. Yule mtetea wa madoa aliniangalia vibaya. Nikamwambia atazame mayai yake.

Na hapo ndipo nilipopata akili! Sijui nilikuwa wapi siku zote hizi. Mbula anaacha ugoro, si ndiyo? Na mtu anayeacha anahitaji mwenzake anayeacha. Nami nitaacha! Tutaacha pamoja, hapa, kwenye kiti cha kuegemea, kila mchana, anatetemeka nami natetemeka. Kanyangi atakwenda kufanya nini?

Kuna shida moja tu. Mimi nimevuta siku chache, tena wa kuku. Hiyo si kitu cha kuacha. Mbula atanicheka. Mtu hawezi kuacha kitu ambacho hajakianza sawasawa. Kwa hiyo Jumamosi yote na Jumapili yote nitavuta kabisa, asubuhi, mchana na jioni, mpaka nishikwe kama yeye. Jumatatu nitamkuta akingoja gari, nitamwambia tua mizigo, mwenzio ameshikwa.

Nimeosha kikopo cheusi. Kesho mapema ni Mukuyuni. Na mara hii nitamletea Nzomo vidole viwili, anipe ule wa watu.