Nira ya Injinia Obonyo

Kisumu nzima, kuanzia Kondele hadi Dunga, hakukuwa na mtu aliyezijua betri kama Obonyo. Habari hizi tulizipata kwa Obonyo mwenyewe. Hakuwahi kukanyaga darasa la ufundi hata la kushona viatu, lakini alijiita Injinia, na ukimwita Bwana Obonyo tu alijifanya kiziwi mpaka ujirekebishe.

Injinia alikuwa na lori la dizeli la kubebea miwa huko Muhoroni. Mbele ya lori aliandika kwa rangi nyekundu: HAIZIMIKI. Na ilikuwa kweli, maana kitu kisichowaka kitazimikaje? Kila asubuhi lori lilisukumwa. Majirani walisukuma kwa moyo mwezi wa kwanza, wakasukuma kwa kununa mwezi wa pili, na mwezi wa tatu wakaanza kwenda kazini kwa mlango wa nyuma.

Haya yote angeyavumilia, ila Jumamosi moja ilikuwa inakuja, na haikuwa ya miwa. Miaka sita Obonyo alikuwa ameishi na Apiyo, wakamzaa Debra, na zizi la baba mkwe kule karibu na Pap Onditi halikuwa limeona hata ukwato mmoja kutoka kwake. Mzee Oduor alikuwa ametuma neno la mwisho: ng'ombe wanne wa kulima, wazima, kabla ya mvua, la sivyo Apiyo arudi kwao na mtoto wake.

"Baba Debra," Apiyo akamwambia, "hiyo gari ikatae kuwaka popote, lakini si kwetu. Nunua betri mpya."

Kwa hiyo Obonyo akaenda dukani kwa Shashikant, mzee mpole aliyeuza betri mjini kabla Obonyo hajaota ndevu. Akazinyanyua moja moja kama mtu anayechagua beberu sokoni, akaipenda ile iliyokuwa na kibandiko kikubwa chenye picha ya simba.

Shashikant akamweleza kwa subira. Lori hilo hutumia betri mbili zilizounganishwa, kila moja ya volti kumi na mbili, nazo hubeba mzigo kama kitu kimoja. Zifanane ukubwa, zifanane umri. Vichwa vyake vya kuungia nyaya visafishwe na kupakwa grisi, zifungwe zisirukeruke barabarani, na zikiwa za kujazwa, zijazwe maji ya betri, si maji ya kunywa.

"Nachukua moja," akasema Obonyo. "Ile nyingine yangu bado ina pumzi."

"Ukiweka mpya na mzee, huyo mzee atamaliza mpya. Chukua mbili ya kufanana, ama wacha zote."

Obonyo akacheka cheko la mtaalamu. "Shashikant, wewe ni mtu wa mjini. Ng'ombe mchovu ukimfunga nira moja na mwenye nguvu, si anaburutwa tu mpaka shamba inaisha?"

"Betri si ng'ombe, Bwana Obonyo."

"Injinia," Obonyo akamrekebisha, akaondoka na betri moja.

Maji ya betri nayo alikataa kununua. Ziwa lote lile limejaa, halafu anunue maji ya chupa! Akachota mtungi pale Dunga, akaijaza betri kuukuu mpaka ikafurika. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, akasema hiyo ni dalili ya afya. Akazifunga zote mbili kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akajipongeza.

Na kwa kuwa elimu ikishamwingia mtu hutumika kila mahali, aliitumia pia kununulia ng'ombe. Akanunua madume watatu walionona na mmoja aliyekuwa ameona mengi duniani. Huyo wa nne akampaka mafuta ya kupikia, akang'aa kama kiatu cha mwalimu, akampakia katikati ya wenzake. Apiyo alipouliza mbona dume yule ananukia jikoni, akaambiwa huo ni utaalamu.

Jumamosi lori liliwaka mara ya kwanza tu! Obonyo alipiga honi kuanzia mtaani hadi alipoiacha lami, majirani wakachungulia kuona nani amekufa. Mbele alikaa Apiyo; nyuma, pamoja na ng'ombe, alikaa rafiki yake Wafula, aliyekuja kuwa msemaji wake, na aliyefika ukweni akiwa na mafuta ya kupikia shati zima.

Obonyo akaliegesha lori katikati ya boma, kwenye udongo mweusi ulionyeshewa jana yake, mahali ambapo kila mtu angeweza kusoma HAIZIMIKI. Akazima injini. Redio hakuizima, aliiongeza sauti ili hata majirani wa ukweni wajue mkwe amefika.

"Zima redio," Apiyo akamnong'oneza.

"Betri ni mpya."

"Moja."

Alijifanya hakusikia. Ndani mambo yakaenda vizuri kuliko alivyostahili. Wafula alisema maneno matamu. Samaki waliletwa, na Obonyo akala kidogo kidogo, mgongo wima, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Mzee Oduor alikuwa amewatazama ng'ombe kwa mbali, juu ya ua, waliposhushwa na kuingizwa zizini, akaridhika. Ilibaki kunywa chai na kupeana mikono, na Apiyo angekuwa mke wake mbele ya watu wote. Moyo wa Obonyo ulikuwa umejaa furaha ya kweli.

Nje, mwimbaji wa redioni akaanza kuimba polepole kama mtu mwenye usingizi. Kisha akanyamaza.

Obonyo aliomba ruhusa, akaenda kujaribu ufunguo. Tk. Akajaribu tena. Hata ile tk haikutoka. Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na kwa mila zao mkwe halali ukweni, hata kama itambidi alale mtaroni. Watu wote wa boma wakaja kusukuma, wageni na wenyeji, viatu vikabaki kwenye matope. Lori halikusogea.

"Hapa ni ng'ombe tu," akasema Wafula, ambaye hakujua analolisema.

Obonyo akajaribu kueleza kwamba ng'ombe wamechoka na safari, lakini Mzee Oduor alishaingia zizini kuleta nira mbili na mnyororo.

"Nakukopesha," mzee akasema. "Saa hii ni ng'ombe yangu."

Wakafungwa wawili wawili. Jozi ya mbele ikakaza shingo, mnyororo ukanyooka, lori likatingishika. Jozi ya nyuma ilikuwa dume mmoja kijana na yule wa mafuta. Yule dume mzee akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akatafakari, akalala chini. Nira ikamvuta na kijana aliyekuwa kando yake, naye akapiga magoti.

Mzee Oduor akampapasa yule dume mgongoni, akakinusa kiganja chake.

"Wafula," akauliza taratibu, "huyu ng'ombe mumekaanga kabla ya kuchinja?"

Wafula akalitazama shati lake. Apiyo akajifunika uso kwa leso. Obonyo akainama kukagua mnyororo, kana kwamba ndio uliokosea.

Mzee Oduor akamfungua yule dume, akaleta wa kwake mwenyewe, aliyelingana kimo na yule kijana. Lori likatoka matopeni, likakohoa, likawaka.

"Mimi sijui betri," mzee akasema kwenye dirisha la lori. "Najua nira. Ukifunga mzima na mgonjwa, unapata wagonjwa wawili. Hatujapeana mkono. Rudi na dume mbili, zinafanana. Apiyo atakungoja hapa."

Obonyo akaomba walau arudi na yule dume mzee wa mafuta. Akakataliwa: ng'ombe wa mahari akishaingia zizini hatoki. Naye hakuthubutu kuzima injini kubembeleza zaidi.

Jumatatu alikuwa dukani kwa Shashikant. "Mbili," akasema, akiangalia sakafu. "Za kufanana. Na maji ya chupa." Shashikant akamuuliza anataka grisi pia, Injinia? Akasema aitwe Obonyo tu.

Ilimchukua wiki tatu kupata madume pacha, na siku hiyo redio ilizimwa tangu Kisumu. Mkono ukapeanwa, Apiyo akarudi nyumbani. Mpaka leo Obonyo hupiga simu kila Jumapili kuwajulia hali wakwe, na jibu huwa lilelile.

"Sisi tuko salama, mkwe wetu," husema Mzee Oduor. "Ila Injinia wetu wa zizini, yule wa mafuta, ndiye amekataa kuamka tangu asubuhi. Tumesukuma mpaka tumechoka."